Arifa ya Ruta Isiyomfikia Mwenye Ruta

Mwanzoni mwa Februari 2014, watu waliokuwa wamechomeka diski za kuhifadhia nyaraka kwenye ruta zao za ASUS, yaani vile visanduku vinavyosambaza intaneti nyumbani, walikuta humo faili la maandishi ambalo hawakuliweka wao. Faili hilo liliwaeleza kwamba ruta yao, pamoja na nyaraka zao, ilikuwa wazi kwa mtu yeyote duniani mwenye intaneti. Waliolipachika walikuwa wavamizi waliopita katika mianya iliyokwisha kujulikana, na kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, walizifikia diski za wateja zaidi ya 12,900. Onyo lililopaswa kutoka kwa mtengenezaji liliwafikia watu hao kutoka kwa aliyewaingilia.

FTC iliichukulia ASUS hatua, na shauri likaisha kwa makubaliano yaliyotangazwa Februari 2016. Katika madai ya shauri hilo kuna jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko mianya yenyewe. Ukurasa wa mipangilio wa ruta hizo ulikuwa na kitufe cha kuangalia kama kuna toleo jipya la programu dhibiti, yaani ile programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha. Mara nyingi mteja alipokibonyeza alijibiwa kwamba ruta yake tayari ilikuwa na toleo la karibuni, ilhali toleo jipya lenye marekebisho ya usalama lilikuwa limekwisha kutolewa. Mteja huyo alifanya yote ambayo mtu mwangalifu angetakiwa kufanya: alikumbuka, akaingia, akauliza, na akaondoka na jibu lisilo la kweli. Makubaliano yaliilazimisha kampuni kukaguliwa na wakaguzi huru kwa kipindi cha miaka 20, na vilevile kuwaarifu wateja kuhusu masasisho na hatua za kujikinga, ikiwemo kuwapa nafasi ya kujiandikisha ili wapate arifa moja kwa moja kwa njia kama barua pepe au ujumbe wa simu.

Sharti hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulitetea hapa, na kulisogeza mbele zaidi. Katika biashara ya ruta za majumbani imezoeleka kuhesabu kwamba kazi ya usalama imekamilika siku kiraka, yaani marekebisho ya kuziba mwanya, kinapowekwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mimi naona kazi hiyo haijakamilika mpaka mwenye ruta, au aliyekabidhiwa kuisimamia kwa niaba yake, awe amejua na ameweza kuchukua hatua. Arifa ni sehemu ya ukarabati, na anayeipeleka mahali ambapo anajua mteja hatafika hajaipeleka.

Ruta haifanani na simu katika jambo hili. Simu ina kioo ambacho mwenyewe hukitazama mara nyingi kwa siku, kwa hiyo mfumo wake ukitaka kusasishwa hauhitaji kumtafuta mtu. Ruta haina kioo. Hukaa juu ya kabati au nyuma ya televisheni, na ukurasa wake wa mipangilio, ambao hufunguliwa kwa kuandika anwani kama 192.168.1.1 kwenye kivinjari, katika nyumba nyingi umefunguliwa mara moja tu, siku ambayo fundi alikuja kuifunga. Nenosiri la kuingilia ukurasa huo liko kwenye kibandiko chini ya kifaa, au analo fundi aliyekwisha kubadili namba ya simu. Taa zake za kijani humwambia mtu kwamba umeme upo na intaneti inapita, na hazisemi lolote kuhusu umri wa programu iliyo ndani. Kwa hiyo tangazo linalowekwa ndani ya ukurasa ule, hata likiandikwa kwa herufi nyekundu, limewekwa katika chumba ambacho wenye nyumba hawaingii.

Kabla ya kumfikia mwenye nyumba, taarifa hupita katika mikono mingi na mara nyingi hufia njiani. Mfano ulio wazi ni udhaifu uliotangazwa na kampuni ya Check Point mnamo Desemba 2014, uliohusu RomPager, programu ndogo ya seva iliyotengenezwa na AllegroSoft na kutumiwa ndani ya ruta za chapa nyingi ili kuonyesha ule ukurasa wa mipangilio. AllegroSoft ilikuwa imerekebisha kasoro hiyo tangu mwaka 2005. Hata hivyo, miaka tisa baadaye Check Point ilihesabu vifaa visivyopungua milioni 12 vilivyokuwa bado na toleo bovu. Mwandishi wa programu alirekebisha, lakini kati yake na mteja walisimama watengenezaji wa vichakataji, yaani chipu za ndani ya ruta, wauzaji wa chapa na kampuni za intaneti zilizogawa ruta kwa wateja, na hapakuwa na aliyebeba wajibu wa kuhakikisha kwamba marekebisho yanamfikia mtu wa mwisho.

Kisa cha MikroTik kinafundisha zaidi, na kinatugusa kwa karibu, kwa sababu ruta za kampuni hii ya Latvia zimeenea sana Afrika Mashariki, hasa kwa watoa huduma wadogo na kwa vijana wanaouza vocha za Wi-Fi mitaani. Aprili 2018 kampuni hiyo iligundua mwanya katika Winbox, programu inayotumiwa kusimamia ruta zake, ulioweza kumruhusu mtu wa mbali kusoma faili la watumiaji na kupata manenosiri yao. Kiraka kilitolewa upesi sana na tangazo likawekwa. Kwa kipimo cha kawaida cha tasnia, hapo kampuni ilikuwa imetimiza wajibu wake. Lakini Agosti mwaka huohuo makumi ya maelfu ya ruta zake nchini Brazil zilikutwa zikipachika katika kurasa za wavuti msimbo wa kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta za watu wasiojua kinachoendelea, na mlango ulioingiliwa ulikuwa ni uleule uliokwisha kuzibwa miezi kadhaa nyuma.

Septemba 2021 likaja shambulio dhidi ya kampuni ya Yandex ya Urusi, lililoifurikisha seva zake kwa maombi ya kurasa yaliyofikia milioni 21.8 kwa sekunde, likitokea kwenye kundi la vifaa vilivyotekwa lililopewa jina la Meris. Vingi vya vifaa hivyo vilikuwa ruta za MikroTik. Kampuni ilieleza kwamba ni ruta zilezile zilizoingiliwa mwaka 2018, na ikaongeza jambo ambalo kila anayetengeneza vifaa vya mtandao angepaswa kulitafakari: ilijaribu kuwafikia watumiaji wake wote, lakini wengi wao hawajawahi kuwasiliana nayo na hawafuatilii vifaa vyao. Ninaiamini kauli hiyo, na ndiyo maana inanihuzunisha. Hii ni kampuni iliyojibu upesi na ambayo masasisho yake hayana malipo, na bado miaka mitatu haikutosha kuwafikia wateja.

Kuna jambo jingine katika kisa hiki linalosahaulika kwa urahisi. Hata baadhi ya wale waliosasisha hawakuwa salama, kwa sababu manenosiri yalikuwa yameibwa kabla ya kiraka kuwekwa, na mwizi aliendelea kuingia kwa nenosiri halali. Arifa iliyosema tu kwamba kuna toleo jipya ilikuwa pungufu. Iliyohitajika ni ile inayosema: sasisha, kisha badilisha nenosiri, kisha hakikisha ukurasa wa mipangilio haufunguki kutoka nje. Nimesoma maelezo mengi yanayoambatana na matoleo mapya ya programu dhibiti, na mengi yamekuwa na mstari mmoja unaotaja maboresho ya usalama pasipo kusema yanamhusu nani na ni ya haraka kiasi gani. Msomaji wa maneno hayo hana namna ya kutofautisha marekebisho ya rangi ya kitufe na marekebisho ya mlango uliovunjwa.

Je, njia ipi humfikia mtu kweli? Katika jambo hili tunao ushahidi mzuri kutoka Uholanzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, wakishirikiana na kampuni ya intaneti ya KPN, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya jaribio lililohusu wateja 220 ambao vifaa vyao vya nyumbani vilikuwa vimeambukizwa Mirai, programu haribifu iliyovamia kamera na ruta kwa kutumia manenosiri ya kiwandani. Baadhi yao walitumiwa barua pepe. Wengine intaneti yao ilizuiwa, na kila walipofungua kivinjari walikutana na ukurasa unaoeleza tatizo na hatua za kuchukua. Katika kundi lililozuiwa, asilimia 92 ya maambukizi yaliondoka ndani ya siku 14. Barua pepe peke yake haikuonyesha tofauti yoyote na kutopeleka taarifa kabisa.

Matokeo hayo yasisomwe kwa pupa. Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hufutika kifaa kinapozimwa, kwa hiyo hata miongoni mwa wasioarifiwa wengi walipona bila kujua kwamba waliugua. Wala simaanishi kwamba mteja akatiwe intaneti kwa kuwa toleo lake ni la mwezi uliopita. Katika nyumba ambayo mama ntilie anapokea oda kwa WhatsApp na mwanafunzi anasoma kwa njia ya video, kukata mtandao ni kukata riziki, na hatua hiyo ibaki kwa kifaa ambacho tayari kinadhuru wengine. Ninachokichukua katika jaribio lile ni kwamba kampuni ya intaneti ina uwezo ambao mtengenezaji hana. Inamjua mteja kwa jina, inayo namba yake ya simu, na inaona trafiki ya laini yake. Mtengenezaji aliyeko Riga au Shenzhen hajui kama ruta yake iko Mbagala au Kisumu.

Wajerumani waliliona hilo Novemba 2016, pale wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipopoteza huduma baada ya wavamizi kujaribu kuziingilia ruta kwa kupitia njia inayohusiana na usimamizi wa mbali. Kampuni iliandaa programu mpya haraka na kuwaomba wateja wafanye tendo moja: wachomoe ruta kwenye umeme, wasubiri nusu dakika, wairudishe, ili ipokee programu mpya yenyewe. Hawakuombwa kufungua ukurasa wowote, kupakua faili, wala kujua namba ya toleo. Ninaliona agizo hilo kuwa kielelezo cha arifa nzuri, kwa kuwa kazi ngumu ilibaki kwa kampuni na mwenye nyumba akaachiwa sehemu ambayo kampuni isingeweza kuifanya.

Kutokana na hayo, msimamo wangu ni kwamba ruta ya nyumbani ijisasishe yenyewe pasipo kumsubiri mtu, na arifa zitumike kwa yale yanayohitaji mkono au uamuzi wa mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo tayari. Kampuni ya Ujerumani inayotengeneza ruta za FRITZ!Box humpa mtumiaji ngazi tatu: kuarifiwa tu, kuarifiwa na kuwekewa masasisho ya lazima, au kuwekewa kila toleo jipya. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ustahimilivu wa mtandao, iliyoanza kuwepo Desemba 2024 na ambayo masharti yake makuu yataanza kutekelezwa Desemba 2027, inakwenda upande huohuo: inapofaa, masasisho ya usalama yajiweke yenyewe kama mpangilio wa awali, mtumiaji aarifiwe, na awe na njia rahisi ya kuyaahirisha au kuyakataa.

Pingamizi dhidi ya masasisho ya kujiendesha ni la haki, na kwetu lina uzito wa pekee. Umeme ukikatika katikati ya kuandika programu mpya, ruta inaweza kufa kabisa, na katika miji yetu kukatika kwa umeme si jambo la ajabu. Dawa yake inajulikana. Ruta zilizobuniwa vizuri hutunza nakala mbili za programu katika sehemu mbili tofauti, huandika toleo jipya kwenye sehemu isiyotumika, na zikishindwa kuwaka hurudia la zamani. Kampuni inayonunua maelfu ya ruta ili kuwagawia wateja wa faiba ina nguvu ya kulidai hilo kwenye mkataba wa manunuzi. Ikinunua kifaa kisicho na kinga hiyo kwa kuwa ni rahisi, baadaye itaogopa kukisasisha, na mteja ndiye atakayebeba gharama ya woga huo bila kuujua.

Ujumbe wa simu ndiyo njia inayowafikia watu wetu kuliko barua pepe, lakini ndiyo njia ambayo matapeli wameiharibu zaidi. Mtu aliyekwisha kupokea meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii” amejifunza, na amejifunza vizuri, kutoamini maagizo yanayoingia kwenye simu yake. Ujumbe unaomtaka abonyeze kiungo ili kusasisha ruta utamfanya ama aupuuze, ama azoee kubonyeza viungo ambavyo kesho tapeli ataviiga. Hatari hii si ya kufikirika. Machi 2020 kampuni ya Bitdefender ilieleza jinsi wavamizi walivyoingilia ruta za majumbani, hasa za Linksys, wakabadilisha mipangilio inayoiambia ruta wapi pa kuulizia anwani za tovuti, kisha wakawapeleka watu kwenye ukurasa uliojidai kutoa programu ya taarifa za korona kutoka Shirika la Afya Duniani. Waliopakua waliweka wenyewe programu ya kuiba manenosiri. Ruta iliyotekwa inaweza kuonyesha tangazo lolote ndani ya kivinjari, kwa hiyo tangazo la aina hiyo peke yake haliwezi kuwa ushahidi.

Kwa sababu hiyo arifa iandikwe kwa namna ambayo mtu anaweza kuithibitisha kwa njia aliyoizoea. Ningependa kuona maneno ya namna hii: “Ruta yako itasasishwa usiku wa kuamkia Jumatano kati ya saa 8 na saa 10. Intaneti itakatika kwa dakika chache. Tafadhali usiizime. Hutaombwa malipo wala namba ya siri. Ukitaka uhakika, piga namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye mkataba wako.” Hakuna kiungo, hakuna namba ya toleo, hakuna neno linalohitaji kamusi ya kompyuta. Safaricom ya Kenya imekwisha kuwazoesha wateja wake kwamba simu yoyote ya kweli kutoka kwake huja kupitia 0722 000 000 pekee. Mazoea ya namna hiyo ndiyo akiba ambayo arifa za ruta zinaweza kuitegemea. Na ujumbe uwe kwa Kiswahili. Mtu aliyeuziwa huduma kwa Kiswahili, kwa matangazo na kwa mkataba aliosomewa na wakala, asianze kuandikiwa Kiingereza siku ambayo kuna hatari.

Mamlaka zetu zinayo nafasi ya kuyafanya haya yawe ya lazima. TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni, na hapo ndipo pa kuuliza: kifaa hiki kitapata masasisho ya usalama mpaka lini, na mteja ataarifiwa kwa njia ipi? Uingereza ilianza kutekeleza tarehe 29 Aprili 2024 sheria inayomtaka mtengenezaji wa vifaa vya aina hii kutangaza kipindi cha chini cha masasisho, kutoa mahali pa kuripotia udhaifu, na kuacha manenosiri ya kiwandani yanayofanana. Hayo ni masharti ya kawaida kabisa, na ruta zinazokidhi masharti hayo kule hutoka katika viwanda vilevile vinavyotuletea zetu.

Linabaki kundi ambalo hakuna sasisho litakaloliokoa. Mwishoni mwa Januari 2024 Marekani ilitangaza kwamba FBI, kwa amri ya mahakama, ilifuta programu haribifu katika mamia ya ruta, nyingi zikiwa za Cisco na Netgear zilizokwisha kuachwa na watengenezaji wake. Pale ambapo anwani za wenye ruta hazikupatikana, FBI iliziomba kampuni za intaneti ziwafikishie taarifa. Wenyewe walitahadharishwa kwamba kuwasha upya ruta kungeweza kutengua hatua zile za FBI na kuiacha wazi tena. Kwa ruta kama hizo arifa ya kweli ni moja tu, nayo ni ngumu kwa mfuko wa mtu: kifaa hiki hakitarekebishwa tena, kibadilishe.

Huku kwetu arifa hiyo ina watu wengi wa kuikosa. Ruta zilizotumika huuzwa katika maduka ya vifaa vya mkononi, nyingine zikiwa ziligawiwa awali na kampuni ya intaneti ya nchi nyingine kisha zikafunguliwa ili zikubali laini yoyote. Ruta ya aina hiyo iliandaliwa kupokea programu mpya kutoka kwa kampuni iliyoigawa, na ikishaondoka katika mtandao wa kampuni ile haina tena mahali pa kuipokelea. Mnunuzi hana mkataba, hana akaunti, na jina lake haliko kwenye orodha ya mtengenezaji. Anayeweza kumwambia ni muuzaji aliye mbele yake, iwapo muuzaji mwenyewe anajua, na muuzaji atajua iwapo TCRA na wenzake wa Nairobi watachapisha orodha ya aina za ruta zilizofikia mwisho wa masasisho, ambayo mtu anaweza kuitafuta kwa namba ya modeli iliyo chini ya kifaa, hata kwa simu ya batani kupitia menyu ya USSD, kabla hajatoa fedha.